Kupima Ubora wa Shairi la Sifa: Mtu na Mahali katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Shairi la sifa humweka mtu au mahali mbele ya macho ya msikilizaji ili ajue sababu ya kukumbukwa kwake, na ubora wake haupimwi kwa wingi wa maneno ya kusifu bali kwa jinsi umbo lake linavyolibeba jambo linalosemwa. Pwani ya Kilwa na Lindi ni mahali pafaapo kujifunzia kipimo hicho, kwa kuwa ina magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, na ina kumbukumbu za watu walioupinga utawala wa Wajerumani.

Kipimo cha kwanza ni arudhi, yaani kanuni za vina na mizani. Kina ni silabi ya mwisho ya kipande, inayofanana kutoka mshororo hadi mshororo, na mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, ambao ndio mstari wa shairi. Katika tarbia, ambayo kila ubeti wake una mishororo minne, mshororo uliozoeleka una mizani 16, iliyogawanyika katika ukwapi na utao, vipande viwili vyenye mizani 8 kila kimoja. Mpimaji asitegemee jicho pekee, bali alighani shairi, kwa kuwa sikio huwahi kulitambua guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani.

Kipimo cha pili ni ukweli wa sifa, na hapa ndipo mashairi mengi yenye arudhi safi huanguka. Na ulinganishwe mshororo huu, uliotungwa kwa ajili ya mfano: “Kilwa mji wa fahari, wenye sifa duniani.” Mizani imetimia, kwani “m” ya “mji” huhesabiwa kuwa silabi kamili, na vina vimekaa mahali pake, lakini jina la Kilwa likiondolewa na kuwekwa Lamu au Tanga, mshororo haupotezi chochote, na hiyo ni dalili kwamba mtunzi hakuutazama mji anaousifu. Sasa na usikilizwe huu: “Tumbawe toka bahari, labeba kuba hewani.” Vina ni vilevile na mizani ni ileile, ila msikilizaji anauona Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na fahari inamjia yenyewe bila kutajwa. Neno “kutoka” limefupishwa kuwa “toka”, jambo liitwalo inkisari, na ruhusa hiyo ya kishairi inakubalika kwa sababu maana haikudhurika. Ruhusa za namna hiyo zikijazana katika ubeti mmoja, ni ishara kwamba vina vinamtawala mtunzi.

Kipimo cha tatu ni kufaa kwa bahari, yaani mtindo wa utungo. Utenzi una vipande vinne vyenye mizani 8, vitatu vya kwanza vikishiriki kina kimoja na cha nne kikishika kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho, na mwendo huo huvifaa visa virefu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliutumia kusimulia Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, vilivyoanzia Umatumbi, na utenzi wake ulichapishwa mwaka 1957. Hali kadhalika, utenzi wa kumsifu Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani akanyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, hautakuwa bora kwa kurudia neno “shujaa”, bali kwa kumfikisha msikilizaji hatua kwa hatua kwenye Mwembe Kinyonga, mti aliponyongewa. Tarbia hulifaa wazo moja linalozungukwa pande zote, na kibwagizo chake, yaani mshororo wa mwisho unaorudiwa, hupimwa kwa swali hili: je, kila kinaporudi kinaongeza uzito, au kinajaza nafasi tu? Shairi huru, lisilofungwa na vina wala mizani, ambalo Euphrase Kezilahabi alilipa nguvu katika diwani ya Kichomi ya mwaka 1974, hulifaa gofu kama Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani na birika lake la pembe nane, ambako ukimya ni sehemu ya maana. Lakini mkato wa kila mstari lazima uwe na sababu, la sivyo ni nathari iliyokatwakatwa.

Kipimo cha nne ni utoshelevu, yaani ubeti kujitosheleza kwa maana huku ukiusukuma mbele ule unaofuata.

Basi msomaji anayetaka kulizoeza sikio lake na achukue shairi moja la sifa, alighani kwa sauti, ahesabu mizani, kisha abadilishe jina la mtu au la mahali. Shairi linalokubali kuhamishwa bado halijatungwa. Linalokataa kuondoka mahali pake ndilo lenye kustahili kuhifadhiwa.