Gitaa la Bei ya Kati

Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia mpwa wangu gitaa, na kwa muda wa miezi minne nikamfanya aamini kwamba Mungu hakumpa vidole vya muziki. Maneno haya nayaandika kwanza kama ungamo, kisha kama uhakiki. Tumezoea kuhakiki vitabu na nyimbo, lakini chombo chenyewe kitoacho wimbo hatukihakiki. Twakinunua kama tununuavyo kabati, kwa kutazama mng'ao.

Gitaa lile lilikuwa jeusi, liking'aa kama kiatu cha bwana harusi. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alipitisha dole gumba juu ya nyuzi mara moja, nami nikaridhika. Kijana alilipokea kwa mikono miwili. Wiki ya kwanza hakukaa mbali nalo. Wiki ya tatu vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimechubuka. Mwezi wa nne nikalikuta juu ya kabati, limeshika vumbi. Nikamwuliza kulikoni. Akanijibu, "Mjomba, mimi si mtu wa gitaa. Wenzangu wanashika wimbo kwa wiki mbili, mimi hata sauti ya kwanza haitoki sawa."

Nilikuwa tayari kumhubiria juu ya mvumilivu na mbivu zake. Bahati njema, kabla ya mahubiri tulilipeleka gitaa kwa mzee mmoja jirani, ambaye ujanani alipiga katika bendi za dansi. Tulimwamkia, akaitikia, akalipokea gitaa na kulielekeza jichoni kama seremala apimaye unyoofu wa ubao. Kisha akapiga sauti tatu, akaliweka chini polepole.

"Huyu mtoto hana kosa," akasema. "Hili hata mimi silipigi."

Alituonyesha mambo mawili. La kwanza, shingo ilikuwa imepinda, na nyuzi zikawa zimenyanyuka mno. Katika freti ya 12 (freti ni vile vijichuma vilivyopangwa kuikatiza shingo) uzi mnene ulikuwa juu kwa milimita 5 hivi, ambapo gitaa lililotengenezwa vyema huwa na milimita 2 hadi 3. Ndiyo maana vidole vilichubuka. La pili lilikuwa baya zaidi. Freti ya 12 hukaa nusu ya urefu wa uzi, hivyo uzi ukibonyezwa hapo sharti utoe sauti ile ile ya uzi mtupu, ila ya juu zaidi kwa ngazi nane. Gitaa letu lilipanda kupita kiasi. Ungelikaza nyuzi zikalingana zikiwa tupu, lakini mara ubonyezapo, zinagombana. Kijana alikuwa akiweka vidole mahali sahihi na kusikia makosa, akadhani makosa ni yake.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa chombo kibovu, nao si hasara ya fedha tu. Kisu butu humchosha mpishi, lakini mpishi hujua kwamba kisu ni butu. Anayeanza gitaa hajui. Hana kipimo kingine ila kile alichokishika, na kinapomdanganya, hujihukumu yeye.

Basi tukaanza kutafuta gitaa la bei ya kati. Kwa maneno haya nina maana ya gitaa lililo juu ya yale ya kupamba ukuta, na chini ya magitaa kama ya Martin, kampuni iliyoanzia New York mwaka 1833 na kuhamia Nazareth, Pennsylvania, ambayo moja laweza kumaliza mishahara ya mwalimu ya miezi mingi. Swali la mhakiki ni hili: hela inayoongezeka kutoka ngazi ya chini kwenda ya kati inanunua nini hasa?

Kwanza hununua uso. Sauti ya gitaa kavu kwa sehemu kubwa hutoka katika ubao wa mbele, ule wenye tundu. Magitaa rahisi huwa na uso wa plaiwudi, yaani tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi. Yaliyo bora kidogo huwa na ubao mmoja mzima, aghalabu wa sprusi, mti wa nchi za baridi ulio mwepesi lakini mgumu. Ubao mzima hutikisika kwa uhuru zaidi. Ukitaka kujua, tazama ukingo wa tundu: mistari ya mti ikishuka kutoka juu hadi chini bila kukatika, ni ubao mzima. Ukiona tabaka kama za mkate wa kusukuma, ni plaiwudi.

Pili hununua shingo iliyonyooka, yenye chuma ndani ambacho fundi aweza kukikaza au kukilegeza ili kuirekebisha. Kwangu mimi hili la pili ndilo la kwanza. Uso wa plaiwudi hupunguza utamu, ila shingo mbovu huua wimbo. Ushahidi upo: Yamaha FG180, lililotoka mwaka 1966, lilikuwa la plaiwudi mwili mzima, na hata leo wapo wanaolitafuta, kwa kuwa lilitengenezwa kwa uangalifu.

Tatu, na hapa nawaonya wenzangu, hela huweza kununua maneno. Muuzaji atakusifia mti wa mgongo na mbavu. Sisi Watanzania hujivuna tukisikia mpingo wetu umetumika katika magitaa ya fahari, nasi tuna haki. Lakini katika bei ya kati, mgongo wa mti wa kifahari mara nyingi ni ngozi nyembamba tu juu ya plaiwudi. Kuulipia ni kulipia picha.

Tulichochagua ni Yamaha FG800, toleo lililoanza mwaka 2016. Uso wake ni sprusi nzima, na mataruma yaliyo ndani ya uso yamechongwa yakapunguzwa unene ili utikisike zaidi. Sifa yake kubwa ni uaminifu: lilipotoka kasha lilikuwa karibu sawa, na nyuzi hazikuhama ovyo. Kasoro zake pia zipo. Sauti nene haina kina kile ukisikiacho katika gitaa la ghali. Hufika, lakini haikai. Tena mwili wake ni mkubwa, wa umbo lile ambalo Martin walilibuni mwaka 1916 na kuliita Dreadnought, jina la manowari ya Kiingereza. Umbo hilo lina sauti kubwa, lakini mtu mwenye kifua kidogo hulikumbatia kama gunia la mkaa. Kwa huyo, FS800, ndugu yake mdogo, lafaa zaidi.

Wengi hupima gitaa kwa ukubwa wa sauti. Mimi nilijifunza kipimo kingine kwa kumsikiliza Jean-Bosco Mwenda, Mkongo ambaye Hugh Tracey alimrekodi "Masanga" mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Ni gitaa moja kavu, lakini utadhani ni watu wawili: mmoja chini, mwingine juu, na hakuna anayemfunika mwenzake. Basi gitaa la kununua ni lile ambalo ukipiga nyuzi mbili pamoja, kila moja unaisikia yenyewe. Kelele peke yake si sauti.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukienda dukani nenda na apigaye, nawe ukae mbele yake usikilize, kwani sauti humwendea msikilizaji. Tazama shingo kwa jicho moja. Linganisha freti ya 12 na uzi mtupu. Bonyeza kila freti ya kila uzi usikie kama kuna unaokwaruza. Weka akiba ya fundi, kwa sababu kile kijipande cheupe kinachobeba nyuzi juu ya daraja huweza kusuguliwa kikashuka, na milimita moja hubadili mambo. Na ukishalinunua, lilinde: unyevu wa Dar es Salaam huvimbisha uso na kunyanyua nyuzi, ukavu wa Dodoma huupasua, na joto la ndani ya gari lililofungwa hulegeza gundi.

Mpwa wangu hakuwa Bosco. Hupiga jioni akimaliza kazi, nyimbo tano au sita, na moja huikosea palepale kila siku. Lakini sasa akikosea hucheka, akarudia, kwa maana anajua kosa ni lake na dawa yake ni mazoezi.

Lile jeusi bado liko juu ya kabati. Watoto wa jirani huliomba, nami huwanyima. Wataniona mchoyo, na sina la kufanya.