Ncha za Boriti

Fundi wa chokaa anapoingia katika nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, haanzi na ukuta uliomenyeka. Huinua uso kutazama dari, kisha huomba ngazi. Anazigonga boriti moja moja kwa nyundo ndogo, pale hasa zinapoingia ukutani. Ikilia kavu, anapita. Ikitoa sauti bubu, anasukuma msumari kwa kidole gumba; ukizama, mti umeshaoza.

Urefu wa boriti hizo za mikoko ndio uliopima vyumba vya mwambao wetu, kwa kawaida chini ya mita 3 kwa upana. Juu yake yalipangwa mawe ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa, ikapigwa kwa magongo, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Sakafu ya ghorofa ikazaliwa kwa wimbo.

Adui yake ni maji, nayo hayatoki juu tu. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini na mvua za masika. Wazee wetu hawakushindana nao; waliufungulia njia. Lipu ya chokaa huuacha unyevu utoke jua linapowaka, na ncha za boriti zikakauka humo humo ukutani. Chokaa yenyewe ilitaka subira: matumbawe yakachomwa, yakazimwa kwa maji, kisha ikaachwa shimoni ikae muda mrefu kabla mwiko haujaigusa. Kila nikiikumbuka subira hiyo naona heshima waliyoiwekea nyumba ambayo wajukuu ndio wangeishi.

Leo mfuko wa saruji unafika asubuhi, jioni ukuta unang'aa. Saruji haipumui. Unyevu uliofungiwa hupanda ndani kwa ndani mpaka ukazifikia ncha za boriti, mahali pasipoonwa na mtu. Mchwa hufuata. Sakafu inalegea polepole, na mwenye nyumba anasema miti imezeeka.

Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu. Lakini wanaojua kuzima chokaa wanazidi kuzeeka, na nani anakaa chini yao kujifunza?

Wewe mwenye nyumba ya mawe, kabla hujaagiza saruji, mwite fundi huyo apande ngazi. Bandueni lipu ya saruji, zibueni mifereji ya paa, na boriti iliyooza ibadilishwe sasa, maana jirani yake inabeba mzigo wa mbili.