Kingoni na Kisutu: Jina la Mshindi, Maneno ya Mshindwa

Nyumba ya watawa ya Hanga, iliyoanzishwa mwaka 1957 na kufanywa abasia mwaka 1994, i katika nchi ambayo jina la Kingoni laweza kumpoteza mwanafunzi wa lugha.

Cassian Spiss, mmisionari, alipotoa makala yake «Kingoni und Kisutu» mwaka 1904, alitaja lugha mbili: ya watawala, ambao wazee wao walivuka Zambezi mwaka 1835, na ya raia waliotiwa chini yao. Kuzitenga kulikuwa kazi njema, na hapana budi tumshukuru. Lakini sisi tuliomfuata tumezitazama kama mitungi miwili rafuni, kumbe zilikaa nyumba moja. Wangoni walioa mateka, na mtoto husema kwanza maneno ya mamaye. Kingoni kisemwacho Songea leo hakina zile sauti za kupiga ulimi zilizomo katika Kizulu, na sehemu kubwa ya maneno yake ni ya hao waliotawaliwa. Jina limebaki kwa mshindi. Ulimi ni wa mshindwa.

Kwa hiyo sikubali wanaposema kwamba Kingoni hiki «kimeharibika». Kimeharibiwa na nani? Na mama zake? Mtu asemaye hivyo ahesabu upya nani alimfundisha nani. Spiss aliuawa mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipoanza, asipate kuandika zaidi. Basi kazi ya kuwauliza akina bibi wa Ungoni, si machifu peke yao, imebaki kwetu.