Mnara Usio na Taa

Wapiga picha wa Ziwa Nyasa wamelifanya jiwe la Liuli mnara wao wa taa. Nawaelewa. Kwa sura ya jiwe hilo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na hapo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa nchi kavu, ikitengenezwa. Lakini picha zote nilizoziona ni za mchana, na jiwe halimwongozi mtu gizani.

Nikishuka kutoka Mchuchuma hadi Lupingu, usiku usio na mwezi, naona taa za wavuvi wa usipa. Zinavuta samaki, zinamwonyesha mvuvi mwenzake yuko wapi. Simu huzinasa ikiegemezwa jiweni, itulie. Saa hizo wapiga picha wameshapanda gari la Ludewa.