Kalamu na Karamu: Mafanikio Yetu Tunayapimaje?

Habari za chuo tunazozoea kuziandika ni zilezile: waliohitimu, mwalimu aliyewasilisha makala katika kongamano, wanafunzi walioigiza mchezo wakashangiliwa. Hatuna ugomvi nazo. Taasisi ya Elimu ya Kigali (KIE) ilipoanza mwaka 1999, nchi ilikuwa imepoteza walimu wengi katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wakati huo kila mwalimu aliyehitimu alikuwa habari kubwa. Mwaka 2013 taasisi hiyo iliunganishwa na nyingine kuunda Chuo Kikuu cha Rwanda, nayo ikawa Koleji ya Elimu.

Tunachokihoji ni kipimo chetu sisi walimu wa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kinyarwanda huandika "karamu" akikusudia "kalamu", nasi tunamkata alama. Ni haki yetu, maana atakayemwomba mwenyeji "mahari pa kulala" atazua kisa! Lakini ni wangapi kati yetu humweleza kwamba Kinyarwanda hakitofautishi maneno kwa l na r, na kwamba sikio lake linahitaji mazoezi kabla ya mkono? Wino mwekundu hauwezi kumfundisha hilo.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni jinsi tunavyomfundisha ngeli kana kwamba ametoka Ufaransa. Huyu amekua akisema "umuntu" na "abantu". Upatanisho wa kisarufi aliunyonya pamoja na maziwa. Nyumbani kwao kuna "isabune" na "idirishya", na shuleni alimwita mwalimu "umwarimu". Angeanzishiwa hapo, muhula wa kwanza ungekuwa mwepesi kwake, na pengine asingekariri majedwali ambayo huyasahau mara tu mtihani unapokwisha.

Kisha kuna Nyamirambo. KIE ilikuwa Remera, na kutoka huko hadi Biryogo ilikuwa safari ya basi tu. Biryogo, mtaa wa Waislamu na wafanyabiashara tangu enzi za ukoloni, watu hupatana bei, hubishana kuhusu mpira na husuluhisha ndoa kwa Kiswahili. Sisi tulikiita cha mitaani, tukabaki darasani na vitabu vyetu, huku wanafunzi wakilalamika kwamba hawana mtu wa kuzungumza naye. Masomo ya koleji yalipohamishiwa Rukara, wilayani Kayonza, safari hiyo fupi ikawa ndefu.

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tulifurahi, na wanafunzi wetu wakaendelea kutoka darasani wakizungumza Kinyarwanda hadi bwenini.

Tungependa basi kusoma habari ya aina nyingine katika kurasa hizi: mwanafunzi aliyekwenda Biryogo, kwa ruhusa ya wenyewe akarekodi nusu saa ya mazungumzo dukani, akayaleta darasani, na mwalimu wake akakiri kwamba maneno matatu kati ya yale hakuyajua.