Mchagua Mkasi Naye ni Fundi

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Usemi huu ni mzuri unapomkaripia mvivu anayetafuta kisingizio. Lakini katika miaka yangu ya ualimu, shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, niliusikia mara nyingi ukitupwa mahali usipostahili: kwa mwanafunzi aliyesema kwamba kifaa alichopewa hakifai. Kifaa kilichoonewa zaidi na usemi huu, kwa maoni yangu, ni mkasi mdogo wa ncha kali, ule wa urefu wa kiganja au pungufu, unaotumika kukatia nyuzi, kudarizi na kukata maumbo madogo ya karatasi na kitambaa. Jembe baya litalima, ingawa kwa jasho zaidi. Mkasi mdogo ulio mbaya haufanyi kazi vibaya tu. Huharibu kazi iliyokwisha kufanywa.

Tazama wanaoutumia. Huku kwetu Temeke, kama ilivyo kule Kinondoni, utawakuta akina mama barazani wakishona kofia za vito, wengine wakidarizi mashuka na foronya za maharusi, na vijana wanaotengeneza hereni na mikufu ya vitenge. Fundi cherehani naye anao mkasi wake mdogo wa kufumulia, mbali na ule mkubwa wa kukatia nguo. Kofia moja ya mkono huweza kuchukua mwezi mzima na zaidi. Mwishoni mshonaji hukata mikia ya nyuzi karibu kabisa na kitambaa. Ikiwa ncha ya mkasi inatafuna badala ya kukata, atavuta. Akivuta, fundo litaachia. Akisogeza mkasi ndani zaidi ili akatie katikati ya makali, ncha itatoboa kitambaa. Kazi ya mwezi huharibika kwa sekunde moja, na mteja hatauliza habari za mkasi. Atasema mama yule ana mkono mzito.

Kwa hiyo si upuuzi kumwomba msomaji anivumilie nikiupima mkasi kama wengine wanavyopima riwaya au ngoma.

Nianze na vipimo ambavyo watu wengi huvitumia, kwa kuwa havifai. Cha kwanza ni mng'aro. Nenda Tandika, Mwenge au Kariakoo, utaona mikasi imepangwa juu ya boksi, mingine ikiwa na rangi ya dhahabu na umbo la ndege mwenye mdomo mrefu. Inapendeza. Lakini rangi ile ni ngozi ya juu tu, na mara nyingi imepakwa mpaka kwenye makali, ambako haina kazi isipokuwa kuficha alama za tupa.

Kipimo cha pili ni sumaku. Muuzaji hutoa kipande cha sumaku mfukoni, akakigusisha, kisha akasema kwa fahari: "Unaona mzee, hainasi. Hii ni stenlesi yenyewe." Kwa sufuria ana haki. Chuma cha sufuria na vijiko vinavyopigwa chapa ya 18/8 au 18/10 kina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 au 10. Hakishiki kutu upesi, na kwa kawaida sumaku hainasi. Lakini chuma hicho hakiwezi kukomazwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, na kisichokomaa hakishiki makali. Chuma cha visu na mikasi isiyoshika kutu ni cha aina nyingine, chenye kromiamu ya asilimia 13 hivi na kaboni ya kutosha kukikomaza, na hicho sumaku hukinasa. Basi mkasi wa chuma usionasa sumaku ni wa kuutilia shaka, si wa kuusifu. Wala unaonasa haujafaulu bado, maana hata bati hunasa.

Kipimo cha tatu ni jina la nchi. Mikasi imepigwa chapa za Ulaya ambako haijawahi kufika. Lipo jina moja lenye uzito wa sheria: Solingen, mji wa Ujerumani ambao jina lake limelindwa kisheria tangu 1938, hivyo kwamba haliruhusiwi kuandikwa juu ya kisu au mkasi ambao hatua kuu za utengenezaji wake hazikufanyika huko. Lakini sheria ya Ujerumani haikai mlangoni mwa kila genge la Dar es Salaam. Herufi huchongwa kwa dakika moja. Makali hayachongwi kwa dakika moja.

Tufike sasa kwenye vipimo vya haki. Mkasi ni visu viwili vilivyofungwa pamoja, na siri yake ni kwamba visu hivyo havikunyooka. Kila kimoja kimepindwa kidogo sana kumwelekea mwenzake, na upande wake wa ndani umechimbwa kidogo. Ukiufunga mkasi, visu hugusana mahali pamoja tu, na mahali hapo husafiri kutoka kwenye skrubu hadi nchani. Hapo ndipo kukata kunapotokea. Huko Sheffield, Uingereza, kuviunganisha visu viwili hivyo ni ufundi unaojitegemea: fundi hugonga kwa nyundo, hutazama kwa jicho, hugonga tena. Mwaka 2014 ilitolewa filamu fupi iliyomwonyesha fundi mmoja wa kiwanda cha Ernest Wright, kilichoanza 1902, akifanya kazi hiyo, na waliotazama wengi walielewa kwa mara ya kwanza kwa nini mikasi miwili inayofanana haikati sawasawa.

Kwa hiyo, ukiwa sokoni, ufunge mkasi na uutazame ubavuni kwenye mwanga. Uone mwanya mwembamba kama unywele katikati ya visu viwili, na ncha zikiwa zimekutana. Ukikosa mwanya kabisa, visu vimenyooka kama rula na vitabana kitambaa bila kukikata. Ukiona mwanya hadi nchani, uache. Kwa mkasi wa kudarizi, ncha ndiyo mkasi wenyewe.

Pili, shika tundu moja la kidole, inua la pili, kisha liachie. Likidondoka kwa kishindo, skrubu imelegea na visu vitaachana ukikutana na uzi mnene. Likiganda juu, utaumiza kidole gumba kabla ya adhuhuri. Lishuke taratibu. Hapa nasema pia kwamba skrubu ni bora kuliko msumari uliopondwa, kwani skrubu hukazwa, lakini msumari ukilegea ndio mwisho wake.

Tatu, beba mfukoni kipande cha kanga kuukuu na pamba kidogo. Kilowanishe kitambaa, ukikate kwa ncha peke yake, milimita mbili tatu tu. Kitambaa chembamba kilicholowa hakina huruma. Huteleza katikati ya visu vibaya na kukunjika. Kisha funga mkasi ukiwa na pamba katikati, na uivute taratibu. Nyuzi zikinasa, makali yana vijino.

Nilivipeleka vipimo hivi kwa mikasi mitatu. Ule wa ndege wa dhahabu ulianguka kwenye kanga iliyolowa: ulikata vema karibu na skrubu, ukatafuna nchani. Wa pili, wa mpini wa plastiki, ulikata vizuri siku ile, lakini matundu yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba ncha ilitikisika mkononi. Ni mkasi wa karatasi, usilazimishwe kuwa mwingine. Wa tatu ulikuwa kile kikatio kidogo cha mafundi cherehani, kisicho na matundu ya vidole, kinachobanwa kiganjani na kufunguka chenyewe. Hakina urembo wowote na bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Kilikata uzi nchani, mara kumi kati ya kumi. Hakiwezi kufuata mviringo wa ua, lakini hakidai kuwa kinaweza. Naam, nilikisifu mbele ya muuzaji, naye akacheka: "Mzee wangu, huo hata sikuuweka mbele."

Ukishapata mkasi mwema, mlinde dhidi ya mnoaji asiyejua. Vijana wanaopita mitaani na jiwe la kunolea juu ya baiskeli ni hodari kwa visu na mapanga. Wengine, wakipewa mkasi, husaga ule upande wa ndani mpaka uwe bapa, na mkasi hung'aa kweli. Lakini kile kishimo chembamba kimekwisha, na visu vitaanza kubanana. Mwambie anoe mteremko wa nje tu, na kama hakuelewi, mshukuru na umwachie kisu cha jikoni.

Linaloniuma zaidi katika jambo hili halihusu sokoni. Linahusu darasani. Mtoto anayepewa mkasi mbovu hajui kwamba ni mbovu, kwa kuwa hajawahi kushika mwingine. Anaona karatasi ikikunjika, anamwona mwenzake aliyeleta mkasi wa nyumbani akimaliza, na anahitimisha mwenyewe kwamba hana mikono. Mtoto wa mashoto huonewa mara mbili: mkasi wa kawaida umeundwa kwa mkono wa kulia, hivyo msukumo wa vidole vya kushoto huvitenga visu badala ya kuvikutanisha, na kisu cha juu humficha mstari anaoufuata. Nimewaona wanachuo watu wazima wakikataa kugusa kazi za mikono kwa sababu ya hukumu waliyojipa wakiwa darasa la pili. Hakuna aliyewaambia kwamba kosa lilikuwa la skrubu.

Walimu na kamati za shule wanaonisoma, shauri langu ni dogo. Fedha ya kununulia mikasi arobaini isiyokata inunue kumi inayokata, na watoto wapokezane. Anayekwenda kununua aende na kipande cha kanga kilicholowa mfukoni. Muuzaji akimwambia mkasi ni mkasi tu, akate mbele yake, kwa ncha, kisha amwachie muuzaji kipande kile akitazame.