Ufundi wa Kupanga Atomu

Mwaka 2010 wanafizikia wa Harvard, Marekani, na wenzao wa Garching, Ujerumani, walichapisha picha za atomu za rubidi zilizokaa safu kwa safu. Kila nukta ni atomu moja. Kutoka nukta hadi jirani yake hapafiki sehemu ya elfu ya milimita. Nimezitazama picha hizo mara nyingi na mshangao haujaniisha.

Kwanza atomu hupoozwa kwa leza ndani ya chombo kisicho na hewa. Zile zenye joto zaidi huachwa zitoroke, hadi joto la zilizobaki lihesabiwe kwa sehemu za bilioni za kelvini. Kisha miali ya leza hukutanishwa ikazaa wavu wa vishimo vya mwanga, kama ubao wa bao. Rubidi hii ni bosoni, jamii inayobeba jina la Satyendra Nath Bose, aliyekuwa mwalimu Dhaka alipoandika makala yake ya mwaka 1924.

Vishimo vikiwa vifupi, atomu huvuka huku na huku, na kila moja imetandaa wavu mzima: hicho ni kimiminika kisicho na mnato. Leza ikiongezwa nguvu, kuvuka huwa kugumu, na atomu zilizobanana shimo moja husukumana. Kwenye wavu bapa wa miraba wenye wastani wa atomu moja kwa shimo, msukumano ukizidi takriban mara 17 ya wepesi wa kuvuka, kila atomu hubaki kwake. Hicho ni kihami cha Mott. Nadharia ya badiliko hili la bosoni, kutoka kimiminika hadi kihami, iliandikwa mwaka 1989, na mwaka 2002 kundi la Munich lililiona badiliko hilo katika wavu wa pande tatu.

Lakini sifa zangu kubwa nazipeleka kwa wapiga picha. Atomu haionekani bila kumulikwa, na mwanga huohuo huweza kuirusha nje. Basi wao huvididimiza vishimo ghafla ili atomu zinaswe zilipo, kisha humulika kwa mwanga unaozipooza papo hapo. Hata hivyo, chini ya mwanga huo atomu mbili za shimo moja hugongana na kutoka zote mbili. Shimo la atomu mbili huonekana tupu. La tatu huonekana lina moja. Hadubini yao inatofautisha shufwa na witiri tu.

Wangeweza kulalamikia upofu huo. Badala yake waliutumia: kwenye kimiminika picha ina madoa ovyo, kwa sababu idadi katika kila shimo haitulii. Kwenye kihami hutokea pete safi, ang'avu palipo na atomu moja moja, nyeusi palipo na mbili mbili. Ushahidi wa badiliko la kwantamu ukasomeka kwa macho.

Walimu wa fizikia, wawekeeni wanafunzi picha hizo mezani. Anayejua shufwa na witiri anaweza kuzisoma.